Kwenda Villahermosa, mji wa kakao na vichwa vya mawe

Wengi wanaotua Villahermosa hawajaifuata Villahermosa. Wanateremka kwenye ndege, wanapanda basi la kwenda Palenque kuona mahekalu ya Wamaya, na mji wenyewe wanauonea dirishani. Ukiwauliza watakwambia ni mji wa joto, mafuta na foleni. Mimi nakwambia kaa. Kaa siku tatu kamili, na kama wewe ni mtu wa kakao kama mimi, ongeza ya nne.

Nimezaliwa Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, nyumba yetu iko katikati ya mikakao, na kazi inayonilisha ni kukagua na kununua kakao. Kwa hiyo mwongozo huu una upendeleo, na siufichi. Villahermosa ni makao makuu ya jimbo la Tabasco, kusini mwa Meksiko, na Tabasco ndiyo inayoongoza kwa kakao nchini humo. Watu wa ukanda ule walikuwa wakinywa kakao zaidi ya miaka elfu mbili kabla Mzungu wa kwanza hajaionja. Kwa mtu aliyekulia chini ya kivuli cha mti huo, kufika kule ni sawa na kufika ukweni: unakuta kila kitu unakijua, ila kinafanywa kwa namna nyingine.

Kabla hujaondoka

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji visa ya Meksiko, na ubalozi wao wa ukanda wetu uko Nairobi. Kuna unafuu mmoja: mwenye visa hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen amekuwa akiruhusiwa kuingia Meksiko kama mtalii kwa visa hiyo hiyo. Kanuni za visa hubadilika, kwa hiyo pata neno la ubalozi kabla ya kulipia tiketi, usitegemee la wakala.

Njia nyepesi kwetu ni kupitia Istanbul, Amsterdam au Paris hadi Jiji la Meksiko. Usinunue tiketi inayopitia Marekani kama huna visa ya Marekani, hata kama ni ya bei nafuu. Kule hata abiria anayebadilisha ndege tu hupitishwa uhamiaji, na bila visa hutapandishwa ndege tangu huku kwetu. Kutoka Jiji la Meksiko hadi Villahermosa ni kama saa moja na nusu kwa ndege. Basi la usiku ni kama saa kumi na mbili. Mabasi ya kampuni ya ADO ni mazuri na viti vyake vinalaza mtu, lakini kiyoyozi chake ni baridi ya Makete. Panda na sweta na soksi, hata kama nje watu wanatoka jasho.

Uwanja wa ndege uko nje ya mji upande wa mashariki. Teksi za pale hulipiwa kwenye kibanda ndani ya jengo, unapewa tiketi, unamkabidhi dereva. Mjini teksi hazina mita, kwa hiyo patana bei kabla hujafungua mlango, na uwe na noti ndogo ndogo.

Umeme wao ni volti 127 na plagi ni za Marekani, zenye vijiti viwili bapa. Chaja za simu na kompyuta hazina shida, zinahitaji adapta tu. Pasi na mashine ya nywele za kwetu za volti 240 ziache nyumbani. Saa zao ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tisa mwaka mzima, maana Meksiko iliacha kusogeza saa mwaka 2022. Ukimaliza chakula cha jioni saa mbili usiku, Kyela ni saa kumi na moja alfajiri na mama anaamka kuwasha moto. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kupiga simu.

Mwezi wa kwenda: Februari. Mvua kubwa huanza Juni, hukolea Septemba na Oktoba, na mwaka mzima mji hupata kama milimita 2,000. Desemba na Januari upepo wa kaskazini, wenyewe huuita norte, huleta mawingu na manyunyu ya siku kadhaa mfululizo. Aprili na Mei ni tanuri, joto hupita nyuzi 40, halafu mwisho wa Aprili huanza maonyesho makubwa ya jimbo, Feria Tabasco, na hoteli hujaa. Wapenda ngoma na umati waende wakati huo. Anayefuata kakao aende Februari: mavuno bado yako mitini, na barabara za mashambani zimekauka.

Siku yako ipangwe na jua

Mji uko kama mita kumi tu juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na mito. Grijalva unapita ubavuni mwa mji mkongwe, Carrizal unapita upande wa kaskazini, na katikati kuna maziwa madogo. Hewa ni nzito, nguo haikauki. Mtu wa Tanga au Mombasa hatashangaa, ila pwani yetu ina upepo wa bahari na Villahermosa haina.

Toka hotelini saa moja asubuhi. Ikifika saa tano uwe ndani ya jengo, na utoke tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Wenyeji wenyewe ndivyo wanavyoishi, na mtalii anayeranda mjini saa saba mchana utamjua kwa rangi ya uso. Saa za katikati nenda makumbusho, au kalale. Upande wa Tabasco 2000, mji mpya uliojengwa wakati wa neema ya mafuta, kuna maduka makubwa yenye kiyoyozi, na familia nzima hujipumzisha mle bila kununua chochote. Hakuna anayekufukuza.

Beba dawa ya mbu na uipake mchana pia, kwa sababu mbu wa dengue huuma mchana. Maji kunywa ya chupa au ya madumu makubwa yaliyosafishwa, ambayo kila hoteli inayo.

Kulala kuna njia mbili. Hoteli za Tabasco 2000 ni kubwa, tulivu na ghali, zimejengwa kwa ajili ya watu wa mafuta wanaokuja kwa kazi za Pemex, shirika la mafuta la taifa. Hoteli za mji mkongwe, karibu na mitaa ya waenda kwa miguu inayoitwa Zona Luz, ni za bei nafuu na ziko karibu na soko na mto. Mimi nilichagua mjini kwa sababu napenda kusikia mji unavyoamka. Omba chumba cha ghorofani chenye kiyoyozi, siyo feni, na ukiwashe mbele ya mhudumu kabla ya kulipa.

Vichwa vya La Venta

Asubuhi ya kwanza nenda Parque-Museo La Venta, kando ya ziwa la Laguna de las Ilusiones. Hufungwa Jumatatu, na kumekuwa na ukarabati sehemu sehemu, kwa hiyo waulize hotelini usiku uliotangulia. Fika geti linapofunguliwa.

La Venta yenyewe ni mji wa kale wa Waolmeka, watu waliostawi ukanda huu kabla ya Wamaya. Uko kama kilomita 130 magharibi, kwenye vinamasi karibu na bahari. Ulistawi takriban kati ya mwaka 900 na 400 kabla ya Kristo. Miaka ya 1950 utafutaji wa mafuta ulikuwa unaukaribia, na mshairi Carlos Pellicer, mzaliwa wa Villahermosa, akapigania mawe yake ya kuchongwa yahamishwe. Yalibebwa kwa malori hadi hapa, na mwaka 1958 bustani ikafunguliwa. Pellicer hakutaka yapangwe ndani ya ukumbi. Aliyatawanya msituni, kila moja kwenye uwazi wake, ili ulikute ghafla unapokata kona. Ni uamuzi ninaoushukuru kila nikiukumbuka, ingawa unyevu haulipendi jiwe.

Mji wa La Venta ulitoa vichwa vinne vya mawe, na vitatu viko hapa. Kikubwa kina karibu mita mbili na nusu kwenda juu na uzito wa tani zaidi ya ishirini. Ni jiwe la volkano, na La Venta hakuna jiwe la namna hiyo. Lililetwa kutoka milima ya Tuxtlas, karibu kilomita 100, na watu wasiokuwa na gurudumu wala mnyama wa kukokota. Kila kichwa kimevaa kofia iliyobana, na kila uso ni wa mtu mmoja na si mwingine. Ukivitazama kwa zamu utaona mmoja amekunja midomo, mwingine ni kama anataka kucheka.

Hapa nina jambo la kuwaambia wenzangu wa Afrika. Utakutana na watu, kule na mitandaoni, watakaokwambia nyuso hizo ni za Waafrika waliovuka bahari: pua pana, midomo minene, ushahidi huo. Wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata kitu chochote cha Afrika katika miji ya Waolmeka. Na ukitoka bustanini ukaenda sokoni utaziona nyuso zile zile zikiuza ndizi na samaki. Ni watu wa pale. Kazi ile ni yao, na mimi ambaye nimesikia mara nyingi majengo ya Kilwa na Zimbabwe wakipewa wageni, sitaki kuwanyang'anya wengine babu zao.

Usiishie kwenye vichwa. Tafuta jiwe wanaloliita Altare namba 4, ambalo wataalamu wengi siku hizi wanaliona kuwa kiti cha enzi. Mbele yake mtu ametokeza kutoka kwenye shimo mfano wa pango, amekaa chini, na mkononi ameshika kamba. Ifuate kamba hiyo kwa macho. Inapita chini ya jiwe, inakata kona, na ubavuni utamkuta mtu mwingine aliyechongwa kwa kina kidogo, naye ndiye aliyefungwa. Watu wengi hupiga picha ya mbele na kuondoka bila kumwona wa ubavuni. Liko pia la namba 5: mtu kabeba mtoto mchanga aliyelegea mapajani, na pembeni watu wazima wamebeba watoto wanaorukaruka. Kaa pale.

Katika njia utapishana na wanyama wadogo wenye mikia mirefu ya mistari, wameachwa huru, wamezoea watu. Usiwalishe, watafungua begi lako. Ziwani kuna mamba. Si hadithi ya kutishia watoto. Maji yale yako katikati ya mji na mamba wamo, na nguva pia wamewahi kuishi humo. Usikae ukingoni, usimwache mtoto aende peke yake.

Mchana wa siku hiyo nenda makumbusho ya mkoa yanayoitwa Museo Regional de Antropología, kando ya mto Grijalva. Yamepewa jina la Pellicer huyo huyo. Kichwa cha nne cha La Venta kiko humo. Pia kuna vipande vya jiwe la Tortuguero, mji wa Wamaya uliokuwa ndani ya jimbo hili hili: lile jiwe lenye tarehe ya Desemba 2012 lililofanya dunia nzima izungumzie kiama. Ukiwa mbele yake unaona maandishi ya mfalme aliyetaka kukumbukwa, basi.

Kula na kunywa

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu Villahermosa, kunywa pozol. Mahindi huchemshwa na chokaa, husagwa kuwa donge, na donge likichanganywa na kakao iliyokaangwa na kusagwa huitwa pia chorote. Hiki ndicho chakula cha mkulima wa Tabasco: anabeba donge shambani limefungwa kwenye jani, maji anayapata huko huko.

Nenda Soko la Pino Suárez asubuhi. Mama mmoja pale, aliponiona nimesimama nashangaa, aliniita "reina, pásale", yaani malkia, karibu, na kunivutia kigoda. Alimega donge la ukubwa wa ngumi, akaliweka kwenye bakuli kubwa lenye maji, akaanza kulivuruga kwa vidole, polepole, akiyabana mabonge dhidi ya ukuta wa bakuli mpaka maji yakawa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Kisha akanimiminia kwenye jícara, kibuyu kilichokatwa nusu, akatia barafu. Nilipoinua kunywa akanizuia mkono. Alinionyesha: zungusha kibuyu kwa kifundo cha mkono, mzunguko mmoja, halafu unywe hapo hapo, maana unga hushuka chini ukiacha utulie. Kila funda, mzunguko. Ukifika mwisho kuna uji mzito chini, huo unautikisa na kuumalizia, au unautafuna.

Ladha yake? Haina sukari ukiomba bila sukari, na nakushauri ujaribu hivyo kwanza: "sin azúcar". Unaonja mahindi, unaonja uchungu wa kakao, na kwa mbali uchachu. Mimi nilikuwa nimeonja kakao kwa kazi maelfu ya mara, lakini sikuwahi kushiba kwayo. Huko Kyela tunaipima, tunaianika, tunaiuza kwenye mnada, na mkulima anarudi nyumbani kunywa chai. Watu wa Tabasco wanakula zao lao wenyewe kila siku, na hiyo ndiyo tofauti iliyoniingia zaidi katika safari nzima.

Samaki wa kule ni pejelagarto, ana mdomo mrefu wenye meno kama mamba na ngozi ngumu ya magamba. Huchomwa mzima juu ya mkaa, kijiti kimepita kutoka mdomoni hadi mkiani. Akiiva ngozi inapasuliwa kama ganda na nyama nyeupe inatolewa kwa vidole, unatia ndimu na pilipili ndogo ya porini iitwayo amashito. Pilipili hiyo ni jamii ya pilipili kichaa na haina huruma, hivyo anza na moja. Kuna pia maandazi ya kukaanga yenye nyama ya samaki huyo ndani, empanada, mazuri kwa kifungua kinywa.

Ndizi za kupika utazikuta kila mahali, zimepondwa na kukaangwa. Kuna tamales za majani ya chipilín, unga wa mahindi uliofungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kwa Waislamu: unga wa tamales mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nguruwe, na hayaonekani kwa macho. Uliza "¿lleva manteca?" kabla hujaagiza. Pozol, samaki wa kuchoma na matunda havina tatizo hilo, na mtu anaweza kula vizuri wiki nzima kwa hivyo tu.

Mto na mji mkongwe

Jioni tembea kando ya Grijalva, kwenye barabara ya ukingoni iitwayo malecón. Imekarabatiwa upya miaka ya karibuni. Familia hutoka na watoto, wauza mahindi na barafu ya matunda wanapanga vibanda. Ukiona kuta nene upande wa mto, zina sababu. Mwisho wa Oktoba 2007 mito ilifurika, sehemu kubwa ya jimbo ikawa chini ya maji, na watu zaidi ya milioni moja waliathirika. Hata katikati ya mji maji yaliingia. Mwaka 2020 yakarudi tena. Muulize mwenyeji yeyote wa makamo alikuwa wapi mwaka 2007, atakaa chini na kukusimulia. Sisi wa Kyela tunaojua mto Kiwira ukikasirika tunasikiliza kwa masikio mengine.

Mji mkongwe wenyewe hauchukui muda. Kuna uwanja wa Plaza de Armas, na kuna nyumba ya vigae vya rangi, Casa de los Azulejos, ambayo sasa ni makumbusho ya historia. Utaona makanisa ya kale ni machache kuliko miji mingine ya Meksiko. Miaka ya 1920 na 1930 gavana Tomás Garrido Canabal alipiga vita dini, akafunga makanisa na mengine yakabomolewa. Kanisa kuu la sasa ni jengo la baadaye.

Kuhusu usalama nasema wazi: tangu mwisho wa 2023 ugomvi wa magenge umeongeza mauaji Villahermosa, na wakazi wenyewe wana hofu. Magenge hayawindi watalii, lakini risasi haichagui. Usitembee kwa miguu usiku nje ya malecón na mitaa yenye watu, agiza teksi kupitia hoteli, usisafiri barabara kuu gizani, na soma habari za wiki hiyo kabla ya kwenda.

Siku ya kakao: Comalcalco

Hii ndiyo siku niliyoivukia bahari. Comalcalco iko kaskazini-magharibi, kama saa moja na robo kwa gari. Kuna mabasi, na kuna combi, ambazo ni hiace zile zile tunazozijua, zinajaa ndipo zinaondoka. Ondoka saa moja asubuhi.

Njiani, upande wa Cupilco, omba ushushwe uone kanisa lililopakwa rangi ya samawati, njano na nyekundu, lenye maua na malaika ukutani. Nusu saa inatosha, kisha simamisha combi inayofuata.

Magofu ya Comalcalco yako nje kidogo ya mji huo. Wamaya waliojenga hapa hawakuwa na mawe, maana nchi yote ni tope la mto, kwa hiyo walifinyanga tofali na kuzichoma. Ni mji wa Wamaya usio wa kawaida kwa hilo. Chokaa ya kuziunganisha waliipata kwa kuchoma maganda ya chaza; msomaji wa Kilwa au Lamu, ambako chokaa hutoka kwenye matumbawe, atasimama mbele ya ukuta ule na kuuelewa mara moja. Halafu ingia makumbusho madogo ya hapo, uone tofali zenye michoro: nyuso, mamba, nyumba, maandishi. Mafundi walizichora tope likiwa bichi, na zilipojengwa upande wenye mchoro ukafichwa ndani ya ukuta, asiuone mtu. Kwa nini walifanya hivyo, kila mtaalamu ana lake.

Baada ya hapo nenda shamba la kakao. Hacienda La Luz iko mjini Comalcalco kwenyewe, na Hacienda Jesús María iko nje. Zote hupokea wageni. Piga simu siku moja kabla, au mwambie mtu wa hoteli akupigie. Mimi nilikwenda moja kubwa, na nyingine ndogo ya mkulima niliyejulishwa sokoni, na ile ndogo ndiyo iliyonifunza zaidi. Mikakao imepandwa chini ya kivuli cha gilirisidia, mti ule ule ambao mabwana shamba wetu wanahimiza kwa ajili ya mbolea; huko unaitwa mama wa kakao. Kati yake kuna migomba, michungwa na miti ya mbao. Shamba halionekani kama shamba, linaonekana kama msitu wenye utaratibu.

Ukiwa mtu wa zao hili, uliza kuhusu kuchachusha. Mashamba makubwa huchachusha mbegu kwenye masanduku ya mbao kwa siku kadhaa, kama sisi. Lakini wakulima wengi wa Tabasco bado huuza kakao waliyoiosha tu na kuianika, bila kuichachusha, kwa sababu kakao ya kunywa kwenye pozol ndivyo inavyotakiwa. Mnunuzi wa Ulaya angeikataa. Kwao ndiyo yenyewe. Kisha omba kuonyeshwa jiwe la kusagia, metate. Mbegu zilizokaangwa husagwa kwa mkono juu yake hadi zinakuwa rojo linalong'aa, na hapo hutiwa sukari na mdalasini.

Anayekwenda na watoto aweke nusu siku ya Yumká, hifadhi iliyo karibu na uwanja wa ndege: kuna msitu wa kwao, na kuna uwanda wenye twiga na pundamilia. Sisi tunao nyumbani, ila watoto watafurahi. Palenque ni kama saa mbili kwa basi, ndani ya jimbo la Chiapas, na inastahili siku nzima ya peke yake. Tren Maya, reli mpya iliyofunguliwa Desemba 2023, inaanzia huko Palenque. Villahermosa yenyewe haipiti.

Kufunga begi

Sehemu hii naiomba isomwe na kila mtu anayetoka Kyela, Morogoro, Bundibugyo au Beni, kokote kwenye kakao. Mwaka 2005 ugonjwa wa monilia uliingia mashamba ya Meksiko. Ni ukungu: ganda la kakao linapata madoa, kisha linafunikwa na unga mweupe, na mbegu ndani zinaoza. Nimeyaona maganda hayo yamening'inia, meupe, moja baada ya jingine kwenye mti mmoja. Wakulima wengi walikata mikakao na kugeuza shamba kuwa malisho ya ng'ombe. Ugonjwa huo uko Amerika peke yake, Afrika haujafika. Unga wake hupeperuka, hushika viatu na nguo, na hudumu miezi.

Kwa hiyo usibebe ganda, mbegu mbichi, mche wala jani, hata la kuonyesha watoto shuleni, hata ukipewa zawadi na mzee uliyemheshimu. Nunua chokoleti ya kibao, kakao iliyokaangwa na kusagwa, na jícara iliyochongwa, kavu na safi; zinapatikana sokoni na kwenye mashamba yenyewe. Nenda shambani na viatu vya bei ndogo, uviache huko huko Comalcalco. Nguo ulizoingia nazo zifue kwa maji ya moto Villahermosa, pamoja na kofia na mkoba, na ukae wiki kadhaa nyumbani kabla hujakanyaga shamba lolote la kakao. Uwanjani ukiulizwa kama umetembelea mashamba, jibu ndiyo na waache wakague.